Mhogo wa Amani na Mizani ya Wasomi

Katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kumwona mwalimu aliyempa mtoto alama kwa kutazama wastani wa darasa lake. Tungemwita mvivu, na mkaguzi angemwandikia barua. Lakini huko juu kwa wasomi wakubwa jambo hilo ndilo linaloitwa kipimo. Mtafiti huandika makala. Wanaompima hawaisomi, huuliza imetoka katika jarida gani, na makala za jarida hilo hutajwa na wengine mara ngapi kwa wastani.

Kipimo hicho alikibuni Eugene Garfield wa Marekani, nacho kikawasaidia wakutubi kuchagua majarida. Kwa kazi hiyo hakina ubaya. Desemba 2012 wahariri na wanasayansi wenyewe walikutana San Francisco wakaandaa azimio kwamba kisitumike kumpimia mtu. Sisi, mwaka 2022, Wizara ya Elimu ikatangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa watafiti watakaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Kuwatuza ni jambo jema, wamesahauliwa siku nyingi. Ninachogombana nacho ni mizani.

Kutoka hapa Bulwa hadi Amani si mbali. Wajerumani waliweka pale kituo cha utafiti mwaka 1902. Chini ya Waingereza, katika miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walishughulika na batobato, ugonjwa uliokuwa ukimaliza mhogo. Walizalisha chotara wa mhogo na ule mti wa mpira ulio jamaa yake, wakarudia kizazi baada ya kizazi, mpaka ukapatikana mhogo unaostahimili ugonjwa na wenye mizizi ya kulika. Mbegu za kazi ile zilifika Nigeria, na humo zikatoka aina zilizoenea Afrika. Hayo yalichukua miongo. Kwa mizani ya leo, Storey angeulizwa mwaka wa tatu: makala ngapi?

Watafiti wangali wanakuja. Vijana wetu huwaongoza msituni na kuwatajia miti kwa Kisambaa, kisha makala huenda zake kwa Kiingereza. Siwalaumu sana, hakuna anayewapa alama kwa kurudi kutusomea.

Najua watakaosema kwamba tukiacha hesabu, vyeo vitagawiwa kwa kujuana. Hofu hiyo ina msingi, nchi hii naijua. Lakini hesabu nayo huibiwa: utafiti mmoja hukatwa makala tatu, marafiki hutajana, na yapo majarida yanayochapisha chochote ukilipa.

Basi mtafiti achague kazi zake tatu tu. Wasomaji wawili wasio marafiki zake wazisome mwanzo hadi mwisho, waandike maoni na kutia saini. Kazi ikihusu shamba au msitu, aulizwe na mtu wa pale. Na maelezo ya Kiswahili yaliyorudishwa kijijini yahesabiwe.

Watasema kusoma kunachukua muda. Nimesahihisha madaftari ya watoto arobaini na watano kwa taa ya chemli, usiku baada ya usiku, na sikulipwa posho ya kikao.