Tumefunika Kombe, Mwanaharamu Hajapita

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo jioni, machinga wakianza kufunga mizigo yao, utalisikia. Chama fulani kinatajwa, na kahawa haijapoa mmoja ameshasema: "Kile ni chama cha watu wa kule." Mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza watu wa kule wanadai nini. CUF iliitwa chama cha Wapemba, Chadema ikaitwa chama cha Wachaga, na wengi wakaridhika kuwa maneno hayo ni hoja tosha.

Nyuma yake ipo imani tuliyorithishwa tangu shuleni: kwamba nchi hii ina amani kwa sababu imewakataza watu kujipanga kisiasa kwa jina la kabila lao au la kwao. Naipinga imani hiyo. Historia haiiungi mkono, na wanaoumia kwayo ni watu wachache na wanyonge.

Tuanze na sheria. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kusajiliwa chama chenye nia ya kukuza maslahi ya kabila au ya eneo watu watokako, na hata chama kinachokusudia kufanya siasa katika sehemu moja tu ya nchi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ikaweka hesabu: wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwamo. Jumla ni 2,000. Sasa wafikirie Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaokadiriwa kuwa elfu moja na mia kadhaa tu. Wajiandikishe wote, toka kikongwe hadi kichanga cha jana, hawafiki. Na hata wangefika, hawaishi katika mikoa 10.

Mlango wa pili, wa mgombea binafsi, nao umefungwa. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliugonga kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikampa haki. Uchaguzi wa 2015 ukapita, wa 2020 ukapita, mgombea binafsi hakuonekana. Kwa hiyo mtu wa jamii ndogo anayetaka kuwasemea wenzake hana budi kuomba hifadhi kwenye chama kikubwa, na humo atasema atakachoruhusiwa kusema.

"Lakini ndivyo waasisi walivyotuunganisha," ataniambia mtu. Basi twende naye Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka sokoni. Pale, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa. Dar es Salaam ya siku zile haikuwa mji wa watu waliosahau kwao. Palikuwa na Wazaramo Union, iliyoanzishwa miaka ya 1930 kuwatetea wenyeji wa mji huu na vitongoji vyake. Palikuwa na vyama vya makabila ya wahamiaji, vya kuzikana na vya ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla hajawa mwanasiasa, na ni kupitia vikundi vya namna hiyo alivyowaingiza kina mama wa mji huu katika TANU. Mzee Mshume Kiyate, ambaye mtaa mmoja wa Kariakoo ulipewa jina lake, alikuwa mfanyabiashara wa samaki sokoni. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, babu yake aliletwa na Wajerumani kama askari kutoka Msumbiji. Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki. Kila mmoja alikuja na jina lake na watu wake, na TANU ikapata nguvu kwa kuwa ilipata watu waliokwisha kujipanga.

Je, hapakuwa na vyama vya kundi moja? Vilikuwapo. AMNUT ilitaka kuwa chama cha Waislamu peke yao. Ikanyauka kwa kukosa wafuasi. Zuberi Mtemvu aliiacha TANU mwaka 1958, baada ya mkutano wa Tabora kukubali kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, akaanzisha ANC na wito wa Afrika kwa Waafrika. Mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Nyerere. Akapata kura elfu 21 na ushei. Mwenzake alipata zaidi ya milioni moja na laki moja. Hakuhitajika msajili kumwambia Mtanganyika kwamba siasa finyu hazimfai. Mpiga kura alisikiliza, akapima, akakataa. Marufuku ilikuja baadaye, watu wakiwa wameshathibitisha kwa kura kwamba wana busara ya kuhukumu wenyewe.

Sasa tazama waliopita njia yetu wakafika mwisho wake. Katika kisiwa cha Borneo, upande wa Indonesia, Wadayak ndio wenyeji. Baada ya Vita Kuu ya Pili walianzisha chama chao kidogo, Partai Persatuan Dayak, wakashiriki uchaguzi wa 1955, na mtu wao, Oevaang Oeray, akawa gavana wa Kalimantan Magharibi mwaka 1960. Lakini mwaka 1959 serikali ya Sukarno ilikwisha kutoa amri kwamba vyama lazima viwe vya nchi nzima, na chama cha Wadayak kikafa. Yakafuata miaka ya Suharto: misitu yao ikagawiwa kampuni za magogo, wahamiaji wakaletwa kwa maelfu, na wenyeji hawakuwa na chama cha kusema hapana. Kilichofuata ni mapanga. Mwaka 1997, kisha mwaka 2001 katika mji wa Sampit, Wadayak waliwashambulia wahamiaji kutoka Madura. Mamia waliuawa, wengine kiasi cha laki moja wakakimbia. Damu ile haiwezi kuhalalishwa. Lakini asiniambie mtu kuwa ililetwa na chama cha kikabila. Chama kilikuwa kimezikwa miaka 40 nyuma.

Nchi hiyohiyo ilijifunza kwingine. Ili kumaliza vita vya Aceh, makubaliano ya Helsinki ya 2005 yaliruhusu vyama vya jimbo lile peke yake. Waliokuwa msituni na bunduki wakaingia kwenye kampeni, na mwaka 2009 chama chao kikashinda uchaguzi wa jimbo.

Najua nitatajiwa Zanzibar, na ni haki kutajiwa. ZPPP ilikuwa chama chenye mizizi Pemba, na siasa za makundi ziliishia kwenye mapinduzi ya Januari 1964. Lakini katika uchaguzi wa 1963 chama kingine cha huko, ASP, kilipata zaidi ya nusu ya kura, kikaambulia viti 13 kati ya 31. Watu waliona kura zao zimemezwa. Na visiwa vilipotulia mwaka 2010, vilitulizwa na maridhiano na serikali ya umoja wa kitaifa: chama kilichodhihakiwa kuwa cha Wapemba kilipewa nafasi mezani.

Kinachoniuma zaidi kiko karibu na nyumbani. Bibi yangu alikuwa Mzaramo. Nyumba yake ya vyumba sita, yenye uwa na mkungu, ilikuwa hapa Kariakoo. Leo pamesimama ghorofa la fremu za simu na mabegi. Yeye tulimzika Kisarawe. Wenzake wengi waliondoka hivyohivyo, mmoja mmoja, kila mmoja akijadiliana na mwenye fedha akiwa peke yake, na mji ukawacheka kwamba Wazaramo wameuza ardhi wacheze ngoma. Mchaga ana umoja wake mjini, Mkinga ana wake, Mpemba ana wake, wa kuchangiana misiba na mitaji, na hakuna anayeona hatari. Ila mwenyeji wa Mzizima, kijiji kilichozaa mji huu, akiuliza kisiasa, "Na sisi je?", anaambiwa huo ni ukabila.

Ninachodai kina mpaka. Uchochezi wa chuki na matumizi ya nguvu vibaki kuwa kosa la jinai, kwa chama kikubwa na kidogo. Lakini jamii ndogo iruhusiwe kusimamisha wagombea wake, walau katika vijiji, mitaa na halmashauri inakoishi, na mgombea binafsi aruhusiwe bila visingizio. Wakisema upuuzi, wapiga kura watawafanyia kama walivyomfanyia Mtemvu. Wakisema kweli, tutakuwa tumeisikia mapema.

Kesho jioni, kwenye kahawa, mtu akisema kile ni chama cha watu wa kule, muulize watu wa kule wanadai nini. Kisha usimwachie abadilishe mazungumzo.