MAUMIVU YA KICHWA, SEHEMU YA 3: Madoa ya MRI yasikuibie hela na amani

Leo nasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu wa kazi halitawafurahisha. Nasema hivyo hivyo.

Mama anaumwa kichwa upande mmoja, kinagonga, mwanga unamkera, anatapika, akilala gizani anapata nafuu. Kimekuwa kikimjia hivyo kwa miaka. Hiki ni kipanda uso, na kinatambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na kumpima vizuri, siyo kwa mashine. Lakini anaambiwa, "Kapige MRI." Ndugu wanachanga, ada ya mtoto inaguswa, halafu majibu yanarudi: "madoa meupe kwenye ubongo." Hakuna anayekaa naye kumweleza. Anarudi nyumbani akiamini ubongo wake unaoza.

Jamani, hauozi!

Ndani ya ubongo kuna nyuzi zinazopeleka taarifa huku na huko. Zimevikwa utando wenye mafuta, ndiyo maana eneo hilo huitwa sehemu nyeupe. Vidoa vinavyong'aa hapo kwenye MRI mara nyingi ni alama ya mabadiliko madogo, hasa kwenye vishipa vidogo vya damu. Umri unaviongeza. Presha, kisukari na sigara pia.

Ni kweli, wenye kipanda uso huwa navyo zaidi. Siwafichi. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia watu kwa karibu miaka 9, wakatoa majibu mwaka 2012. Kati ya kila wanawake 100 wenye kipanda uso, 77 madoa yao yaliongezeka. Lakini kwa wanawake wasio na kipanda uso, ilikuwa 60 kati ya 100! Na kuongezeka huko hakukwenda pamoja na kupungua kwa kumbukumbu wala uwezo wa kufikiri.

Sasa niambie: doa ambalo hata jirani yako asiyeumwa kichwa anaweza kuwa nalo, litabadilisha nini kwenye dawa yako kesho? Marekani wana mashine kila kona, lakini mwaka 2013 chama chao cha wataalamu wa maumivu ya kichwa kilishauri kuwa kipanda uso cha kawaida, kisichobadilika, hakihitaji picha. Sisi wa kukopa kikoba tunakimbilia wapi?

"Nesi, si bora kujua?" Sawa, jua haya matatu kwanza. Hayahitaji mchango wa ukoo.

1. PRESHA. Una mimba ya wiki 20 au zaidi, au umejifungua ndani ya wiki 6, kichwa kinauma sana, unaona ukungu au vimulimuli, au tumbo linauma juu chini ya mbavu? Nenda kapime presha sasa hivi, hata kama ni usiku. Ikifika 140/90 au kupita, usikubali kurudishwa nyumbani na panado. Kifafa cha mimba kinaua mama na mtoto.

2. DAWA ZA MAUMIVU. Ukimeza vidonge hivi vya dukani siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuleta kichwa. Andika kwenye daftari kila siku unayomeza, uje nalo kliniki.

3. UZAZI WA MPANGO. Kichwa kikitaka kuanza, unaona mistari inayometameta au sehemu ya macho inapotea? Mwambie mtoa huduma kabla hajakupa vidonge vyenye estrojeni. Kwa mwanamke kama wewe vinaongeza hatari ya kiharusi, na njia nyingine zipo.

Hayo matatu yanabadilisha matibabu. Mangapi uliulizwa kabla ya kuandikiwa MRI?

Naomba nisieleweke vibaya, sikatazi picha. Kichwa kikikupiga ghafla kama radi, kikija na homa na shingo kukakamaa, upande mmoja wa mwili ukilegea, mdomo ukipinda, ukipata degedege, ukiwa umepigwa au kuanguka, au kikianza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, kimbia hospitali. Vilevile kichwa kipya ukiwa na VVU au saratani. Hapo picha inaweza kuokoa maisha, usisubiri kesho.

Lakini kwa kichwa kile kile cha miaka yote, kabla hujatoa hela uliza maswali mawili, kwa adabu: "Daktari, tunatafuta nini kwenye picha hii? Majibu yatabadilisha nini kwenye matibabu yangu?" Mtaalamu mzuri hatakasirika. Atakujibu.

Na ninyi wenzangu wenye sare: tukimkabidhi mama bahasha yenye neno "madoa" bila kumweleza, tumemwongezea ugonjwa ambao hakuja nao.

Mtumie dada mwenye bahasha hiyo kabatini. Sehemu ya 4: kichwa cha mtoto wa shule.