Kuhesabu Mashine Si Kupima Elimu

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii twaifundisha darasani mwaka hata mwaka, nayo haijapata kufaa kuliko katika zama hizi za kompyuta na vishikwambi. Kila mashine mpya iingiapo shuleni hupokewa kwa hotuba na picha. Na muda upitapo, lililo jepesi kuulizwa ni hili: zimefika ngapi? Swali lililo gumu ni la mwalimu: mwanafunzi amejifunza nini ambacho asingejifunza bila mashine hiyo? Sisi walimu wa Kiswahili wa Rusizi twatamka waziwazi kwamba kununua si kupanga, na kuhesabu masanduku si kutathmini.

Tuanze na yaliyotendeka nchini mwetu. Mwaka 2008 Rwanda iliingia katika mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, uliobuniwa Marekani na Nicholas Negroponte na wenzake. Zaidi ya kompyuta 200,000 ziligawiwa katika miaka iliyofuata. Mwaka huohuo wa 2008 iliamuliwa kwamba Kiingereza kishike mahali pa Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia. Mwalimu wa shule ya msingi akajikuta na mizigo miwili: lugha aliyokuwa bado anajifunza, na chombo alichokuwa bado anakizoea. Hatusemi kwamba nia ilikuwa mbaya. Twasema kwamba mizigo hiyo ilibebwa na mgongo mmoja, na mgongo huo ndio uliostahili kuulizwa kwanza.

Nchi ya Peru nayo iliupokea mradi huohuo. Huko watafiti walichunguza shule 319 za msingi za vijijini, wakazilinganisha zilizopewa kompyuta na zisizopewa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kompyuta hazikuwa zimeinua alama za hesabu wala za lugha, ingawa watoto walikuwa wamejua kuzitumia na zilikuwapo dalili za nafuu katika majaribio ya jumla ya akili. Habari hiyo ni chungu, lakini ni mali. Asiyepima hawezi hata kujua kwamba amepoteza.

Wapo watakaosema kuwa twaogopa maendeleo. La hasha! Twawakumbusha Tanzania ya mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo kilikuwa redio, na lugha ilikuwa Kiswahili. Kabla ya matangazo kuanza, waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 na vitabu vikapigwa chapa. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundini, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda katika kijiji chao. Hatimaye wakaguzi walikwenda vijijini kutazama kama vyoo vimechimbwa na mazingira ya nyumba yamesafishwa. Idadi ya redio haikuwa ndiyo kipimo cha mafanikio. Huo ndio mpango, na hiyo ndiyo tathmini. Na yote yalifanyika kwa chombo ambacho leo baadhi yetu wanakiita cha kizamani.

Tugeukie sasa kwetu. Mto Rusizi umekuwa ukiendesha mitambo ya umeme tangu miaka ya 1950, na kituo cha pili kilianza kazi mwaka 1989. Hata hivyo, umeme wa mtoni si lazima uwe umeme wa darasani. Shule ya mjini Kamembe, shule ya bonde la Bugarama, shule ya kisiwani Nkombo na shule ya Bweyeye kando ya msitu wa Nyungwe haziwezi kupangiwa kwa waraka mmoja. Aandikaye mpango bila kujua mashine itatiwa moto wapi na itatengenezwa na nani, huyo ameandika ndoto.

Tena, Kiswahili kina haki yake katika mipango hiyo. Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Wanafunzi wetu hukisikia Kiswahili cha Bukavu ng'ambo ya mto, ambako watu husema "batoto". Kisha kitabu chawaambia "watoto". Kinasa sauti kimoja, hata cha simu ya bei ndogo, chatosha kuwafanya walinganishe aina hizo mbili, wazijue ngeli kwa sikio, wala wasiidharau lugha ya jirani. Manufaa yake yanapimika: wasikilize habari ya dakika tatu mwanzoni mwa muhula, waieleze kwa maneno yao, na mwishoni wasikilize nyingine yenye ugumu uleule, waieleze tena. Darasa lisilo na kinasa sauti lifanye vivyo hivyo. Tofauti itajisema yenyewe.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Mosi, mashine yoyote isiletwe kabla ya kuandikwa somo litakalofundishwa nayo na kipimo cha somo hilo. Pili, mwalimu atakayeitumia ashiriki katika kupanga, apewe mafunzo kabla, na fungu la matengenezo litengwe siku ileile ya ununuzi. Tatu, imihigo ambayo wilaya zetu huahidi kila mwaka itaje alichojifunza mwanafunzi, pasipo kukomea kwenye vifaa vilivyopokewa.

Na pale darasa la ubao na chaki litakapolingana na darasa la kompyuta, au kulishinda, taarifa iseme hivyo bila haya. Kipimo kisichoruhusiwa kutoa jibu la hapana ni sifa tu, na sifa hazijapata kumfundisha mtoto kusoma.