Tuwafundishe wanafunzi kuijua tarakilishi, si kuitumia tu

Mnamo Mei 30, 2025, polisi jijini Nairobi walimkamata Rose Njeri, mwanamke ambaye kazi yake ni kuandika programu za tarakilishi. Alizuiliwa mwishoni mwa juma lote, na sikukuu ya Madaraka ikampita akiwa ndani. Alipofikishwa mahakamani Juni 3, alisomewa shtaka chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018, kwamba alivuruga utendakazi wa mitambo ya Bunge. Je, aliiba siri za serikali? La. Aliunda ukurasa uliomwezesha mwananchi kubonyeza kitufe na kupeleka barua pepe kwa Bunge, akieleza vifungu asivyovitaka katika Mswada wa Fedha wa mwaka huo.

Mahakama ilimwachilia Juni 20, ikasema mashtaka yale hayakuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria. Wengi walishangilia wakaenda zao. Mimi, ninayeandika programu hapa Machakos, sikuweza kwenda zangu. Nilijiuliza ilikuwaje afisa, mpelelezi na aliyeandika hati ya mashtaka wakakubaliana kwamba barua nyingi zikifika kwa mtu aliyealika maoni ni shambulizi. Jibu nililolipata halihusu sheria peke yake. Linahusu pia yale tunayofundisha, na yale tusiyofundisha, katika maabara za kompyuta za shule zetu.

Barua pepe ni chombo kikongwe. Kanuni zinazoongoza safari yake kutoka seva moja hadi nyingine zilichapishwa mwaka wa 1982, kabla ya wengi wa walimu wanaofundisha somo la Kompyuta leo kuzaliwa. Ni kanuni nyepesi mno. Seva moja huisalimu nyingine, hutaja barua imetoka kwa nani na inaenda kwa nani, kisha huikabidhi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye subira anaweza kuzifuata kwa mkono, amri baada ya amri. Sanduku la barua la ofisi ya umma likijaa barua za umma, basi limefanya kazi liliyoundiwa. Mtu aliyewahi kuiona barua ikisafiri hivyo hawezi kudanganywa kwamba kuandaa barua ni kuvunja mlango. Asiyewahi kuiona hudhani kila kinachotokea nyuma ya kioo ni uchawi, na uchawi, kama tujuavyo, humtafuta mchawi wake.

Sisi tuliojifunza kazi hii miaka ya mwanzo ya tisini tuliikuta mashine ya namna nyingine. Nisieleweke vibaya, maana sitaki kuisifu kupita kiasi. Ilikuwa ghali, nzito na ya polepole. Shuleni aghalabu ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kudarizi katika ofisi ya karani, na mwanafunzi aliyeruhusiwa kuikaribia alivua viatu kwanza kana kwamba anaingia msikitini. Diski tulizobebea kazi zetu zilikuwa na nafasi ya megabaiti 1.44, ambayo leo haitoshi picha moja ya simu, na virusi vilisafiri humo kama viroboto.

Hata hivyo mashine ile ilikuwa na adabu moja ambayo za leo zimeikosa. Ulipoiwasha, ilikuonyesha herufi C na alama ndogo iliyopepesa ikikungoja useme unachotaka. Haikukuuliza jina wala haikutaka kujua uko wapi. Lugha ya kuandikia programu ilikuja ndani yake pamoja na mfumo wa DOS, bila malipo ya ziada, hivyo kila aliyeinunua mashine alinunua pia uwezo wa kuiamrisha. Programu ikikataa, uliifungua ukatafuta mstari uliokosewa. Ulijua faili yako ilipo, kwa kuwa uliiweka hapo wewe mwenyewe.

Mwanafunzi wa leo ana simu yenye nguvu maelfu ya mara kuliko mashine ile, ila muulize picha zake zinakaa wapi, atakuambia ziko “kwa mtandao”. Muulize mtandao uko wapi, atakutazama. Simlaumu. Simu yake imeundwa makusudi asijue.

Katika kanda yetu hii, hofu ya tarakilishi ina historia ndefu kuliko intaneti. Mwaka wa 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu za Wizara ya Fedha kwenda mrama. Ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kulegezwa, na wenzetu wakachelewa kizazi kizima. Huku kwetu, katika miaka ya themanini, chombo kilichoogopwa kilikuwa mashine ya kunakilia. Mnamo 1986 wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu walifungwa jela kwa tuhuma za kuhusika na vijikaratasi vya Mwakenya.

Lakini kisa ninachotaka mwalimu wa Kompyuta akisimulie darasani ni cha mwaka wa 2000. Wakati huo Telkom Kenya ilikuwa na haki ya pekee ya kusafirisha mawasiliano ya intaneti kwenda nje ya nchi. Kampuni ndogo za intaneti zilikuwa zimechipuka Nairobi, ila hazikuwa zimeunganishwa baina yao. Tuseme mwalimu wa Machakos aliyejiunga na kampuni moja alimwandikia mwenzake wa Kitui aliyejiunga na nyingine. Barua ile ilipanda angani kwa setilaiti, ikafika Ulaya au Marekani, ikageuka na kurudi Nairobi, jengo la pili kutoka ilikotokea. Tulilipa dola kwa safari ya kwenda na kurudi ili tusalimiane na jirani.

Kampuni hizo zikakaa pamoja kupitia chama chao, TESPOK, zikanunua vifaa na kuunda mahali pa kukutania panapoitwa KIXP. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kituo kilianza kazi Novemba 2000. Mwezi haukupita, Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kifungwe. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Kituo kilichozuia mawasiliano yetu yasiende nje kilifungwa kwa sababu ya haki ya kupeleka mawasiliano nje! Ilibidi wahandisi wageuke wanasheria, wakaeleza tena na tena kwa lugha nyepesi jinsi kifaa chao kilivyofanya kazi, hadi wakapewa leseni mwishoni mwa 2001. Kituo kilifunguliwa upya Februari 2002. Muda wa ujumbe kwenda na kurudi kati ya kampuni za humu nchini ulishuka kutoka zaidi ya sekunde moja hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sisi wa Machakos tungepaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengine. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza barani hadi reli ilipopitishwa kando, na mwaka wa 1899 makao hayo yakahamia Nairobi, wakati huo kinamasi. Anayeamua njia ipite wapi huamua mengi.

Sasa tuyatazame ya karibuni. Juni 24, 2024, Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo Tume ile ile kwa jina jipya, ilitangaza kuwa haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, vijana walipoandamana hadi Bunge, intaneti ilidorora nchini kote, na tukaambiwa nyaya za baharini zina hitilafu. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Mamlaka iliagiza kampuni za simu ziufunge mtandao wa Telegram wakati wa mitihani ya KCSE ili kuzuia udanganyifu. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda kuizuia serikali kuzima au kubana intaneti wakati kesi ya mashirika ya kutetea haki ikiendelea. Oktoba 15, 2025, siku ile ile taifa lilipopokea habari za kifo cha Raila Odinga, sheria ya 2018 ilitiwa saini ya marekebisho yanayoipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti ifungwe. Wiki moja baadaye, mahakama ilisimamisha baadhi ya vifungu. Na majirani je? Uganda ilizima intaneti nchi nzima katika uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania katika ule wa Oktoba 29, 2025, kwa siku kadhaa.

Hilo la Telegram linawahusu walimu moja kwa moja, na hapa nitatofautiana na baadhi yao ninaowaheshimu. Wanasema mtihani ulioibwa huwadhulumu wanafunzi waliosoma kwa bidii, na wanasema kweli. Wanasema pia walaghai huwauzia watoto karatasi bandia humo, na hilo nalo ni kweli. Ila karatasi ya mtihani haizaliwi ndani ya Telegram. Hutoka kwenye kasha lililofunguliwa na mkono wa mtu mwenye ufunguo, na mtu huyo akifungiwa mtandao mmoja atatumia mwingine. Waliobaki nje ni wafanyabiashara wadogo, vikundi vya masomo na wanachuo wasiokuwa na mtihani wowote siku hiyo. Wanafunzi wenyewe walijifunza kupenya kizuizi kwa VPN katika dakika chache, nyingine zikiwa za bure zilizoundwa na watu wasiojulikana, wanaoweza kuchungulia kila kinachopita. Tuliwatoa penye udanganyifu tukawapeleka penye wezi.

Sipingi kuwapo kwa sheria. Anayemtapeli mjane fedha zake kwa simu aadhibiwe, na anayesambaza picha za aibu za msichana wa shule aadhibiwe zaidi. Lakini kifungu cha 23 cha sheria ya 2018 kilitungwa kikimtisha mtu kwa kifungo cha hadi miaka 10 kwa kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuzua taharuki, na ni nani atakayepima taharuki? Mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa ajili ya ujumbe wa mtandaoni uliomgusa afisa mkuu wa polisi. Juni 8, 2025 alikuwa maiti, akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Waliosema alijigonga mwenyewe ukutani walipingwa na daktari aliyeupasua mwili wake. Yeyote anayefundisha katika nchi hii ana haki ya kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, na hilo ndilo linalonisikitisha: kwamba anajiuliza.

Nina ombi kwa walimu, nalo halihitaji fedha za wafadhili. Katika stoo za shule nyingi mna tarakilishi kuukuu zilizotupwa kwa sababu hazibebi programu mpya. Zitoeni. Unganisheni mbili kwa waya mmoja, bila intaneti kabisa, na mumwache mwanafunzi apeleke barua kutoka moja hadi nyingine kwa kuandika amri yeye mwenyewe. Kisha chomoeni waya, mwulizeni kilichotokea. Chomekeni mashine ya tatu katikati, mwonyesheni jinsi aliyekaa hapo anavyoweza kusoma, kuchelewesha au kuizuia barua ya mwenzake, na baadaye mfundisheni kuifunga kwa siri ili aliyekaa katikati asiione. Hayo ni masomo ya wiki mbili. Atakayeyapitia, hata akiishia kuwa askari, hakimu au mbunge, hatatia saini hati ya mashtaka kama ile aliyosomewa Rose Njeri.

Najua mtaala una mambo mengi na maswali ya mtihani hayaulizi hivyo. Mtoto anafunzwa kutaja sehemu za kompyuta, kutia rangi jedwali na kuchapa barua ya kuomba kazi. Kusini mwa mji wetu, katika ekari 5,000 zilizokuwa ranchi ya Malili, serikali imekuwa ikijenga jiji la teknolojia la Konza tangu Rais Kibaki aweke jiwe la msingi Januari 2013, na humo mna kituo cha kitaifa cha kuhifadhia data. Ndiko zinakokaa seva. Basi la shule kutoka Machakos mjini hufika huko kwa muda usiozidi vipindi viwili vya masomo. Ningependa kusikia kwamba darasa moja, kutoka shule yoyote ya kaunti hii, limekwenda huko likiwa na swali lililoandikwa na wanafunzi wenyewe: data hizi ni za nani, ni nani anayezisoma, na swichi ya kuzizima iko mikononi mwa nani.