Mpaka wa Jimbo na Bunduki Ndefu: Mnunuzi Hupita, Mgonjwa Hukwama

Sheria za shirikisho la Marekani hazizitazami silaha zote kwa jicho moja. Bastola, kwa kuwa hufichika mfukoni, huwekewa masharti makali. Bunduki ndefu, yaani raifali na bunduki ya marisau, huhesabiwa kuwa chombo cha mwindaji na mkulima, na hivyo hulegezewa kamba. Mkazi wa jimbo moja hawezi kukabidhiwa bastola dukani katika jimbo jingine. Ni lazima ipelekwe kwanza kwa mfanyabiashara mwenye leseni katika jimbo lake mwenyewe. Raifali aweza kuinunua papo hapo ugenini na kurudi nayo nyumbani, mradi muuzaji awe na leseni, wawili hao wakutane ana kwa ana, na sheria za majimbo yote mawili ziheshimiwe. Tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya maonyesho ya bunduki yanayofanyika karibu na mipaka ya majimbo kuwa suala la hospitali, wala si la biashara pekee.

Mpaka huo una historia yake. Raifali iliyomuua Rais John F. Kennedy mjini Dallas mwaka 1963 iliagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago, kwa jina la uongo. Miaka mitano baadaye Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968, iliyofunga mlango wa posta kwa mnunuzi wa kawaida na kuruhusu bunduki ndefu zinunuliwe nje ya jimbo katika majimbo jirani tu. Mwaka 1986, chini ya Rais Ronald Reagan, Bunge liliuondoa ujirani huo: tangu hapo mnunuzi aweza kwenda jimbo lolote. Sheria hiyo hiyo ikathibitisha kwamba mwenye leseni aweza kufanya biashara yake katika maonyesho, mradi yawe ndani ya jimbo lake. Uchunguzi wa rekodi za mnunuzi uliletwa na Sheria ya Brady ya 1993, na mfumo wa kompyuta wa shirika la FBI unaofanya kazi hiyo ulianza Novemba 1998.

Asiyewahi kuyaona maonyesho hayo ayafikirie kama gulio la mwisho wa wiki. Ukumbi hukodiwa, watu hulipa kiingilio, na ndani mna safu za meza: raifali mpya na kuukuu, visu, vitabu vya vita, hata nyama iliyokaushwa. Nyuma ya meza moja ameketi mfanyabiashara mwenye leseni. Huyu hudai kitambulisho, humjazisha mnunuzi fomu ya serikali na kusubiri jibu la uchunguzi. Meza ya pili ni ya mtu binafsi anayepunguza mkusanyiko wa silaha zake. Sheria ya shirikisho haimlazimishi kuchunguza rekodi ya mtu yeyote. Inamkataza kumuuzia mkazi wa jimbo jingine pale anapojua, au anapokuwa na sababu ya kuamini, kwamba huyo ni mgeni, lakini haimwamuru adai kitambulisho. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika meza ya pili kutouliza kumegeuzwa kuwa kinga.

Kwa sababu hiyo msemo uliozoeleka wa “mwanya wa maonyesho ya bunduki” hupotosha kidogo. Ukumbi haubadilishi sheria. Muuzaji binafsi ana uhuru ule ule sebuleni kwake au katika maegesho ya magari; maonyesho huwakusanya tu wauzaji na wanunuzi wengi mahali pamoja kwa siku mbili. Wanaopigania marekebisho wangefanya vyema kulieleza jambo hili kwa usahihi, maana kila kosa la maneno huwapa wapinzani wao sababu ya kuacha kusikiliza. Colorado ilijifunza hayo kwa uchungu. Katika mauaji ya shule ya Columbine ya Aprili 1999, yaliyoondoa uhai wa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, silaha tatu kati ya nne zilizotumika zilikuwa bunduki ndefu zilizonunuliwa kwenye maonyesho kwa wauzaji binafsi, na aliyenunua alikuwa rafiki wa wauaji mwenye umri wa miaka 18. Mwaka uliofuata wapiga kura wa jimbo hilo waliamua kwamba kila mauzo katika maonyesho yapitie uchunguzi.

Swali la mganga ni jingine: je, gulio la jimbo moja hufikisha majeruhi katika wodi za jimbo la pili? Mwaka 2017 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuhusu maonyesho yaliyofanyika California na Nevada kati ya 2005 na 2013. California ilikuwa na masharti makali. Nevada wakati huo haikumtaka muuzaji binafsi afanye uchunguzi wowote. Watafiti walilinganisha vifo na majeraha ya risasi katika sehemu za California zilizo karibu na maonyesho, wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Baada ya maonyesho ya California yenyewe hakukuwa na badiliko. Baada ya maonyesho ya Nevada, kiwango katika maeneo ya California yanayofikika kwa gari kilipanda kutoka 0.67 hadi 1.14 kwa kila watu 100,000, ongezeko la takriban asilimia 70.

Matokeo hayo yasomwe kwa tahadhari. Utafiti wa aina hiyo hauonyeshi silaha ipi ilimjeruhi nani, wala haukuweza kuifuata bunduki kutoka mezani hadi jerahani. Tena wachumi walioyachunguza maonyesho ya California na Texas, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, hawakuona ongezeko la maana la vifo katika maeneo ya karibu kwenye wiki zilizofuata. Wanaotetea hali ilivyo huitaja kazi hiyo mara kwa mara, na wana haki ya kuitaja. Ila wachumi hao walitazama kilichotokea jirani na ukumbi, ndani ya jimbo lenyewe. Waliofuata walitazama ng’ambo ya mpaka. Mpaka ndio unaozungumziwa hapa, na ushahidi unaouhusu moja kwa moja ni huo wa pili. Nevada yenyewe ilitunga sheria ya kuwachunguza wanunuzi wa watu binafsi, ikaanza kutumika Januari 2020. Majimbo mengine mengi bado hayana sheria kama hiyo.

Uchunguzi wa rekodi nao si dawa ya kila ugonjwa. Kijana aliyewafyatulia risasi watu katika tamasha la vitunguu saumu la Gilroy, California, Julai 2019, na kuwaua watatu, miongoni mwao mtoto wa miaka 6, alikuwa na umri wa miaka 19. Raifali yake aliinunua kihalali Nevada katika duka lenye leseni. California ilikuwa imekwisha kuupandisha umri wa kununua bunduki ndefu hadi miaka 21. Sheria ya shirikisho bado inasema 18.

Hata hivyo, wahudumu wa afya wakizungumza juu ya mauaji peke yake, watakuwa wameacha nusu kubwa ya msiba. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua. Bastola ndiyo inayotawala katika hesabu hizo, lakini mashambani, ambako raifali hutundikwa ukutani kama jembe linavyoegeshwa kwingine, sehemu ya bunduki ndefu ni kubwa kuliko mijini. Anayejaribu kujiua kwa risasi hufa mara 9 kati ya 10. Anayemeza dawa nyingi kupita kiasi, aghalabu huokolewa. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita kwa saa au siku chache, na wengi waliookolewa hawafi baadaye kwa kujiua. Kuiondoa silaha nyumbani kwa muda, kwa hiyo, ni tiba halisi.

Ni hapa ambapo mpaka wa jimbo unageuka kituko. Chukua familia moja inayoishi karibu na mpaka. Baba amezama katika sonona. Daktari anashauri raifali zake zitoke nyumbani hadi atakapopata nafuu. Ndugu wa karibu na wa kuaminika ni mdogo wake, anayeishi upande wa pili wa mto, katika jimbo jingine. Sheria ya shirikisho inamkataza raia asiye na leseni kumpa au kumfikishia silaha mkazi wa jimbo jingine, isipokuwa kwa njia ya urithi, au kwa kumwazima kwa muda kwa ajili ya michezo halali kama uwindaji. Kuhifadhi kwa ajili ya kuokoa uhai hakumo katika orodha. Mdogo mtu angeweza kuazimwa raifali akawinde paa. Kuipokea ili kaka yake asijiue kwaweza kuhesabiwa kosa. Wakati huo huo mgeni asiyejulikana, akitoka jimbo hilo hilo, aweza kuondoka na raifali kutoka meza ya pili ya gulio kwa kuwa tu hakuna aliyemuuliza anakotoka. Sheria iliyokusudiwa kumzuia mhalifu imemkalia mgonjwa.

Jambo hili linawagusa Waswahili pia. Wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makazi Texas, Arizona, Kentucky na kwingineko, na wengi wa jamaa zao wameingia katika kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, au mwenye ukazi wa kudumu, aweza kununua raifali kama mwenyeji asipokuwa na kizuizi kingine. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo kwa kawaida hawezi, ingawa kuna msamaha kwa mwenye leseni ya uwindaji. Ndipo undugu unapoingia: “Mjomba, wewe una karatasi, nichukulie moja.” Heshima ya ukoo haimwokoi mjomba huyo. Fomu inamtaka athibitishe kwamba yeye ndiye mnunuzi wa kweli, na tangu mwaka 2022 kumnunulia silaha mtu aliyekatazwa ni kosa linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 15. Hata undugu usio na nia mbaya haukubaliwi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliithibitisha hatia ya mtu wa Virginia aliyemnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola, ingawa mjomba mwenyewe alikuwa na haki ya kumiliki silaha. Kama ingekuwa raifali, mjomba angeweza kupanda gari na kwenda kuinunua mwenyewe Virginia.

Mambo mawili yanastahili kudaiwa, na hakuna kati yake linalomnyang’anya mwindaji bunduki yake. La kwanza ni uchunguzi mmoja kwa kila mauzo, awe muuzaji ana leseni au hana. Anayeuza raifali ya marehemu babu yake katika maonyesho yuko hatua chache tu kutoka meza ya mwenye leseni. Kumwomba huyo afanye uchunguzi kwa ada ndogo hakumzidishii mzigo usiobebeka. Hoja kwamba wahalifu hawafuati sheria ina ukweli wake, ila yaweza kutolewa dhidi ya kila sheria, hata ya kufunga mkanda garini.

La pili ni dogo kwa maneno na kubwa kwa wagonjwa: Bunge liongeze msamaha wa tatu, wa kuhifadhi silaha kwa muda katika jimbo jingine wakati mwenyewe yumo hatarini. Wapenzi wa bunduki na wapinzani wao wangeweza kukubaliana juu ya hili kabla ya chakula cha mchana. Ajabu ni kwamba madaktari, waliokwisha kupigania mahakamani haki ya kuuliza juu ya silaha (sheria ya Florida ya 2011 iliyowabana katika hilo ilibatilishwa kwa sehemu kubwa na mahakama ya rufaa mwaka 2017), hawajalifanya kuwa dai lao la mbele.

Wakati marekebisho yanasubiriwa, kazi ya kliniki haisubiri. Swali “una silaha nyumbani?” humfanya mgonjwa afikirie bastola ya kujilinda, raifali ya babu iliyo kabatini haiiti silaha, huiita “ya kuwindia.” Kwa hiyo itajwe kwa jina. Kisha, kabla ya kumshauri mtu ampelekee nduguye bunduki, muuguzi aulize nduguye anaishi wapi. Akiwa jimbo lile lile, yafaa kuangalia kama jimbo hilo linadai uchunguzi hata kwa makabidhiano ya kifamilia, maana mengine hudai. Akiwa ng’ambo ya mpaka, itafutwe njia nyingine: baadhi ya maduka yenye leseni na baadhi ya vituo vya polisi hupokea silaha kwa kuhifadhi. Pasipo na hata moja kati ya hayo, sefu ambayo funguo zake anazo mke au mtoto mkubwa, na risasi zikiwa nyumba nyingine kabisa, ni hatua inayoweza kuchukuliwa jioni ile ile.