Jengo Kuwa na Bima Hakumlindi Mpangaji: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Rungwe

Mabadiliko ya Sheria ya Bima yaliyofanywa kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 yaliingiza majengo ya biashara na masoko ya umma katika orodha ya vitu vinavyopaswa kukatiwa bima kwa lazima, pamoja na bidhaa zinazoingizwa nchini, vyombo vya majini na vivuko. Hatua hiyo ilikuja baada ya Soko la Kariakoo kuungua tarehe 10 Julai 2021 na Soko la Karume, pia jijini Dar es Salaam, kuteketea Januari 2022. Mkoani Mbeya, wafanyabiashara wa soko la SIDO Mwanjelwa nao walikwishaonja hasara ya aina hiyo moto ulipounguza vibanda vyao Agosti 2017.

Kwa mpangaji wa fremu au vyumba mjini Tukuyu, hatua hiyo ni njema, lakini inahitaji kueleweka vizuri. Ni rahisi kudhani kwamba jengo likishakatiwa bima, kila kilichomo ndani yake kimelindwa. Dhana hiyo si sahihi. Bima ya jengo hulinda kuta, paa na vitu vilivyojengewa ndani yake, na fidia yake humwendea mwenye jengo. Magodoro, jokofu, cherehani, vitenge vya dukani na magunia ya mchele vya mpangaji havimo, isipokuwa mpangaji mwenyewe awe amevikatia bima.

Sababu yake ni msingi wa bima yenyewe: mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye ndiye atakayepata hasara. Mwenye nyumba hapati hasara televisheni ya mpangaji ikiungua, kwa hiyo haingii katika bima yake. Vivyo hivyo, mpangaji hawezi kukatia bima jengo kama mali yake. Kila mmoja ana sehemu yake, na pengo linabaki pale mmoja anapomtegemea mwenzake.

Mambo mengine mawili huchanganywa na bima. La kwanza ni Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ambayo inamlinda mpangaji asiendelee kudaiwa kodi ya pango pale nyumba inapoharibiwa na moto au mafuriko kiasi cha kutokalika, ikiwa chanzo si uzembe wake. Kinga hiyo inahusu kodi; haimrudishii mpangaji vitu vyake vilivyoungua. La pili ni kodi ya majengo inayokatwa wakati wa kununua umeme wa LUKU. Wapangaji wengi huilipa kwa kuwa wao ndio wanunuzi wa umeme, lakini hiyo ni kodi ya Serikali na haina uhusiano na bima.

Majanga ya Rungwe na maneno ya mkataba

Bima inayomfaa mpangaji wa makazi ni ile ya vitu vya ndani, ambayo kwa kawaida huunganisha moto na wizi wa kuvunja. Mfanyabiashara wa fremu huhitaji bima ya moto na wizi kwa shehena ya bidhaa zake. Swali la kwanza la kuuliza ni: mkataba unataja majanga gani?

Bima ya moto ya kawaida hugusa moto, radi na aina fulani za milipuko. Upepo mkali, mafuriko na tetemeko la ardhi mara nyingi huongezwa kwa makubaliano na kwa nyongeza ya ada. Maporomoko ya ardhi ni jambo la kuulizia peke yake, kwa kuwa mikataba mingi huyaweka kando.

Kwa wilaya ya Rungwe, tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, ikipata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko ya udongo wa volkano. Aprili 2024, udongo wa Mlima Kawetere ulifukia nyumba katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Miezi michache kabla, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliharibu mji wa Katesh mkoani Manyara na kuua watu. Aidha, Rungwe iko katika Bonde la Ufa, na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilionyesha jinsi nyumba za kawaida zinavyoweza kuporomoka kwa muda mfupi. Mpangaji wa Tukuyu aliyenunua bima ya moto pekee, akaishi chini ya mteremko, bado hajalindwa dhidi ya hatari iliyo karibu naye zaidi.

Kutaja thamani halisi

Swali la pili ni kiasi. Wapo wanaotaja thamani ndogo ili walipe ada ndogo. Mfano wa hesabu unaonyesha matokeo yake. Mfanyabiashara ana bidhaa za shilingi milioni 10 lakini amezikatia bima ya shilingi milioni 5. Moto ukiteketeza bidhaa za shilingi milioni 4, hatapata milioni 4. Kwa kuwa alikata bima ya nusu ya thamani, kampuni huweza kumlipa nusu ya hasara, yaani milioni 2, kabla ya kuondoa kiasi ambacho mkataba unamtaka mteja abebe mwenyewe katika kila dai. Kutaja thamani kubwa kuliko halisi nako hakuna faida, kwani fidia humrudisha mtu katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara na haimtajirishi.

Ni vyema pia kuuliza kama fidia hulipwa kwa bei ya kitu kipya au kwa thamani ya kitu baada ya kuchakaa. Jokofu lililotumika miaka sita linaweza kulipwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya dukani.

Swali la tatu ni dhima. Moto ukianzia katika chumba cha mpangaji kwa uzembe wake na kuunguza jengo zima, kampuni iliyomlipa mwenye jengo inaweza kumgeukia mpangaji huyo kudai ilichokilipa. Kwa anayepika kwa gesi au mkaa katika nyumba yenye wapangaji wengi, kipengele cha dhima kwa watu wengine kina thamani kuliko vyombo vyote alivyonavyo.

Ukweli wakati wa kujaza fomu nao ni sharti. Nyumba ikiwa ya mbao, au chumba kikitumika kuhifadhi petroli ya bodaboda, kampuni inapaswa kujulishwa. Taarifa iliyofichwa inaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia.

Kununua na kudai

Bima hununuliwa kwa kampuni, mawakala na madalali waliosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na pia kupitia benki zilizoruhusiwa kuwa mawakala. Mnunuzi anashauriwa kuhakiki bima yake katika mfumo wa TIRA MIS, kudai stakabadhi na kusoma mkataba wote, hasa ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Kinga huanza ada inapolipwa. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haimlindi mtu. TIRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu.

Janga likitokea, mpangaji apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, atoe taarifa polisi ikiwa ni wizi, na aijulishe kampuni mapema bila kutupa mabaki. Orodha ya mali, picha na risiti vihifadhiwe mahali pengine, kwa kuwa ushahidi ulioachwa chumbani huungua pamoja na chumba. Asiyeridhika na majibu ya kampuni anaweza kuwasilisha malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Mpango Mkuu wa Maendeleo ya Sekta ya Fedha wa 2020/21 hadi 2029/30 unalenga kufikisha asilimia 50 ya watu wazima wanaotumia bima. Lengo hilo halimaanishi kwamba kila mpangaji anunue kila aina ya bima. Mwenye kitanda, meza na vyombo vichache anaweza kuona kwamba akiba ya VICOBA inamtosha. Bima inamfaa yule ambaye hasara ya usiku mmoja ingemrudisha nyuma miaka kadhaa: fundi cherehani mwenye mashine nne, muuza pembejeo aliyejaza fremu kwa mkopo, mtumishi aliyenunua samani kwa makato ya mshahara. Wapangaji wa jengo moja au wanachama wa SACCOS wanaweza pia kuuliza kampuni kuhusu bima ya kikundi.

Wakati mwafaka wa kuyaamua hayo ni pale mkataba wa pango unapofanywa upya. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka, mpangaji amwombe mwenye nyumba amweleze kama jengo lina bima na ya majanga gani, na maelezo hayo yaandikwe katika mkataba. Hapo atajua ni sehemu gani ya hasara inayobaki mikononi mwake, na ataamua akiwa na taarifa kamili kabla mvua za Novemba hazijaanza.