Limeni ndoo kwanza, wakulima wa simu!

Boksi lilinibana wiki kadhaa nikawa kimya, lakini leo nimeudhika na lazima niseme.

Jumamosi iliyopita nilitembelewa na jamaa wanne hapa Reading. Tumekula, tumekunywa chai, mara mmoja kaenda dirishani kaona ndoo zangu sita zimepangwa nyuma ya nyumba karibu na pipa la taka. Akauliza ni maua gani yale. Nikamwambia ni viazi mviringo. Sebule nzima ikalipuka! "Mzee, umepanda ndege kuja Ulaya kulima kwenye ndoo?" Mwingine kapiga picha kairusha kwenye grupu kabla sijamaliza kujieleza. Nikacheka nao, mgeni ni mgeni.

Kilichonikera kilikuja baadaye. Hao hao, mikono bado ina mafuta ya kuku wangu, wakaanza kupigiana hesabu za shamba. Ekari tano Njombe, viazi. Simu ikatolewa, kalkuleta ikafunguliwa: ekari moja gunia 80, gunia moja elfu 60, mara tano, milioni 24. Gharama? "Weka milioni 8, tena hapo nimezidisha." Faida milioni 16, na mmoja keshaanza kuchagua rangi ya Noah. Nikawauliza ekari moja inataka mbegu kilo ngapi. Kimya. Kiazi kinakaa ardhini siku ngapi? Kimya. Ukungu unapenda hali gani ya hewa? "Aah, hayo atajua msimamizi."

Msimamizi!

Ndugu zangu, hesabu hiyo naijua kwa kichwa kwa sababu niliipiga mwenyewe mwaka 2021. Mimi zangu zilikuwa ekari tatu, hapo hapo Njombe, na msimamizi alikuwa mtoto wa mama mdogo, kijana niliyemnunulia sare za shule. Nikatuma pauni 2,600, wakati ule karibu shilingi milioni 8, pesa ya shifti za usiku ghalani. Kalkuleta iliniahidi milioni 14 na laki 4. Machi 2022 zikatoka gunia 46, tena zilizouzwa kwa lumbesa, maana mnunuzi wa shambani anataka gunia lenye kilemba juu na ukikataa anakwenda shamba la jirani. Nikatumiwa ujumbe mrefu wenye maneno "ukungu", "mnyauko" na "Mungu". Hela haikuja.

Unajua nilichofanya? Nilichofanya ndicho tunachofanya wote. Niliitisha kikao cha ukoo kwa simu nikamwita yule kijana mwizi, mama yake mzazi anasikia. Kisha nikaacha kupokea simu zake kwa miaka miwili na ushee.

Ndoo nilianza masika ile ile ya 2022, nakiri, kwa hasira tu. Nilitaka kujihakikishia kwamba kiazi ni kitu chepesi na kwamba nimeibiwa. Nikachukua viazi vya dukani vilivyokuwa vimeota macho kabatini, nikavichomeka vitano kwenye ndoo moja, nikajaza udongo mpaka juu siku hiyo hiyo. Mwenye kujua keshaanza kucheka. Viazi vya dukani ni vya kula. Havijapimwa kama mbegu, na kiazi kinarithisha magonjwa ya mama yake kimya kimya, virusi kwa bakteria, huku kwa macho kinaonekana kizima. Na ndoo ya lita 40 inabeba viwili, ukizidisha sana vitatu. Unavipanda chini, unafunika kidogo, kisha kila majani yakipanda unaongeza udongo, ili viazi vinavyojitunga visione jua. Vikiona jua vinageuka kijani, na kijani kile kinaambatana na sumu.

Halafu maji. Julai ya 2022 joto la Uingereza lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima. Ndoo si shamba. Mizizi haina pa kukimbilia. Nilipiga shifti mbili mfululizo, nikalala kwa rafiki karibu na kazini, niliporudi majani yamelala ukingoni mwa ndoo kama nguo zilizoanikwa. Siku mbili! Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikijiuliza: mimi niliyeshindwa kuacha ndoo moja kwa siku mbili, shamba la ekari tatu niliwezaje kuliacha miezi mitano nikiliangalia kwa picha za simu?

Nilichovuna mwaka ule kilijaa bakuli la uji. Vingi vilikuwa kama gololi.

Mwaka 2023 nikajifanya nimekuwa mtaalamu. Nikanunua mbegu yenye cheti, nikaichipusha dirishani mwezi mzima, nikapanda viwili viwili. Julai ikaja na mvua isiyokatika. Asubuhi moja nikaona madoa ya kahawia kwenye jani, ukigeuza chini kuna utando mweupe kama unga. Ukungu ule ule uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia 1845, watu kama milioni moja wakafa na wengine milioni wakahama nchi. Wataalamu wa huku wana kipimo chake cha tahadhari: siku mbili mfululizo joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na kila siku unyevu wa hewa ufike asilimia 90 kwa angalau saa sita. Hebu soma tena kipimo hicho, kisha kumbuka ukungu wa asubuhi wa Njombe wakati wa masika. Wakulima wa kule wanapiga dawa mara kwa mara mvua inapokaza, maana ukisubiri kuona doa umeshachelewa. Mimi kwenye bajeti yangu ya 2021 niliweka dawa ya mara mbili. Kijana aliomba hela ya kuongeza. Bado ninao ujumbe wake na jibu langu: "Acha ujanja."

Ndoo zangu nne zilikwisha ndani ya siku kumi, na hapa hakukuwa na msimamizi wa kumtukana.

Na mbegu je? Ekari moja inataka mbegu kama kilo 800 mpaka tani nzima. Mbegu safi ni ghali na si kila msimu inapatikana, kwa hiyo kijana alinunua viazi vidogo sokoni akavipanda. Nilipokuja kujua nilitukana sana. Lakini si ndicho nilichofanya mimi hapa Reading kwa viazi vya kabatini? Mnyauko wa bakteria unasafiri ndani ya mbegu ya namna hiyo, na ukishaingia shambani unakaa miaka. Kosa ni moja; langu liliniunguza pauni moja na lake liliniunguza milioni, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia abane matumizi.

Najua mtasema wasimamizi wengine ni wezi kweli. Ni kweli, wapo, na wengine shamba lenyewe halipo, ni picha za shamba la jirani. Lakini utamkamataje mwizi wa kazi usiyoijua? Aliyewahi kuona ukungu kwenye ndoo yake akitumiwa picha ya jani anajua lile doa ni la nini. Asiyewahi ataambiwa "jua limezidi" naye atatuma tena hela ya maji.

Na wale wa "viazi dukani ni bei chee, unapoteza muda", nakubali kabisa. Mwaka 2024 nilipanda aina ya Charlotte, nikavuna kilo 2 na robo kwenye ndoo nzuri kuliko zote, na ukijumlisha udongo na mbegu bado duka limenishinda. Silimi kwa ajili ya kubana matumizi. Hiyo ni ada ya shule, na ni shule ya bei rahisi kuliko zote mtakazoziona. Tulipokuwa wadogo jembe tulipewa kama adhabu ya kuchelewa namba, labda ndiyo maana tukikua tunataka kulima bila kulishika. Basi shika ndoo. Panda mwishoni mwa Machi au Aprili, mbegu ya mapema inakuwa tayari baada ya wiki 10 hadi 12. Ukishindwa ndoo, hiyo hela ya Njombe iache benki.

Baada ya mavuno ya 2024 nilimpigia yule kijana. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba radhi kwenye karatasi, nikayasoma kama mtoto wa shule. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, ndoo ngapi?" Nikamwambia sita. Akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena mwenyewe. Akaniuliza udongo wa mwaka jana nimeumwaga wapi. Nikamwambia bado uko ndoo zile zile, nimechanganya tu na mboji. "Umwage, kaka. Panda maharage humo, viazi usirudie." Kwa mama mdogo bado sijamaliza, huyo nataka nikamwombe radhi ana kwa ana.

Haya, mvua imekatika hapa. Natoka kuongeza udongo.